Kibaha na Kisarawe Hazina Bahari, Lakini Zina Neno Baharini

Mkoa wa Pwani una wilaya zisizo na pwani. Kibaha, yaliko makao makuu ya mkoa, haina hata hatua moja ya ufukwe. Kisarawe iliwahi kuwa nao, ikaupoteza Mkuranga ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Mkazi wa Mlandizi au wa Maneromango akiambiwa kwamba baharini kuna vijimea visivyoonekana kwa macho, na kwamba samaki wote wanaishi kwa neema ya vijimea hivyo, ana haki ya kuuliza yeye anaingia wapi.

Anaingia kupitia mito. Ruvu hupita Kibaha ukielekea Bagamoyo, na vilima vya Pugu upande wa Kisarawe ndivyo chimbuko la Msimbazi, Kizinga na Mzinga, mito inayolikatiza jiji la Dar es Salaam hadi baharini. Kinachobebwa na maji hayo ni sehemu ya chakula cha vijimea. Swali lenye utata ni kama chakula hicho kinaijenga bahari au kinaibomoa, na juu ya swali hilo watu wanaoijua bahari vizuri kabisa hawakubaliani.

Kinachochanganya watu

Kila msimu huja na dhana yake. Wakati wa kaskazi, siku bahari ikitulia, michirizi ya kahawia kama unga wa mbao hutanda juu ya maji kati ya Dar es Salaam na Unguja, na hapo hapo husikika kwamba meli imemwaga mafuta au jiji limefungulia maji taka. Masika yakiingia, Ruvu hutema tope Bagamoyo hadi maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mtetezi wa msitu wa Pugu atasema tope hilo ni balaa kwa bahari. Mpinzani wa mabwawa atasema tope hilo hilo ndilo uhai wa bahari, na kulizuia ni kuwanyima samaki riziki. Msikilizaji wa kawaida anabaki katikati.

Juu ya hayo kuna sentensi moja inayorudiwa sana mashuleni na kwenye simu: kwamba nusu ya oksijeni tunayovuta hutoka kwa mimea midogo ya baharini. Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imekaa vibaya. Ni vema ianze kunyooshwa yenyewe.

Vijimea hivi ni vitu gani

Planktoni ni jina la jumla la viumbe vinavyochukuliwa na maji, visivyo na ubavu wa kushindana na mkondo. Miongoni mwao wapo wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nao ndio wanaoitwa hapa vijimea. Makundi matatu yanatosha kwa mjadala huu. Diatomu hujijengea ganda la silika, yaani kitu cha jamii ya kioo. Dinoflagelata wana mikia miwili inayowasaidia kupanda na kushuka majini, na baadhi yao hutengeneza sumu. Sianobakteria, ambao kwa hakika ni bakteria wenye tabia ya mimea, ndio wadogo kuliko wote. Mmoja wao, Prochlorococcus, alitambuliwa miaka ya 1980 tu ingawa huenda ndiye kiumbe mwenye idadi kubwa kuliko wote wanaotumia jua kutengeneza chakula duniani.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1998 na kutumika hadi leo yanasema mimea ya nchi kavu na ya baharini kwa pamoja huchukua takriban tani bilioni 105 za kaboni kwa mwaka na kuzigeuza chakula, na karibu nusu ya kazi hiyo hufanyika baharini. Cha kushangaza ni kwamba vijimea vya bahari ni chini ya asilimia 1 ya uzito wa mimea yote duniani. Siri yake ni kasi. Mbuyu huishi karne nyingi; kijimea huzaliwa, hugawanyika na kuliwa ndani ya siku chache. Hakuna akiba inayorundikana, kwa sababu walaji wako pale pale.

Ndiyo maana ile hoja ya oksijeni inahitaji kurekebishwa. Vijimea hutoa karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa kila mwaka, lakini karibu yote hutumika baharini humo humo, na samaki, bakteria na viumbe vinavyooza. Oksijeni iliyoko angani, asilimia 21 ya hewa, ni akiba iliyojengeka kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Vijimea vikitoweka leo, mtu wa Kibaha hatakosa pumzi kesho asubuhi. Atakosa dagaa.

Vijimea huliwa na vidudu vidogo vya jamii ya kamba, vidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na vibua na jodari. Katika kila hatua, sehemu kubwa ya nishati hupotea, kwa kawaida inakadiriwa kuwa asilimia 90. Dagaa wako karibu sana na chini ya ngazi hiyo, na kwa hiyo huitikia upesi vijimea vinapopungua au kuongezeka. Hata papa potwe wa Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani, wanaoonekana Ghuba ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, huishi kwa kuchuja vikamba vya milimita chache. Mnyama wa uzito wa tani kadhaa yuko hatua mbili tatu tu kutoka kwa kijimea.

Kijimea hutaka mwanga na mbolea: nitrojeni, fosforasi, chuma kidogo, na kwa diatomu, silika. Katika bahari za joto mwanga upo tele juu na mbolea ipo tele chini, na kati yake kuna tabaka la maji ya moto lisilopenda kuchanganyika. Maji ya buluu yanayowavuta watalii Zanzibar ni maji yenye njaa. Rangi hiyo inaonyesha kwamba vijimea ni haba. Kwa hiyo mjadala wote unarudi kwenye jambo moja: nani analeta mbolea pale juu kwenye mwanga?

Safari ya maji

Kabla ya kusikiliza pande zinazobishana, njia ya maji yenyewe inafaa kufuatwa, maana wengi wanaidhani ni nyepesi kuliko ilivyo.

Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupokea Mgeta na Ngerengere, hupita Mlandizi wilayani Kibaha na kumwaga maji kwenye mikoko kaskazini mwa mji wa Bagamoyo. Njiani kuna mitambo miwili mikubwa ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam: Ruvu Juu, pale Mlandizi, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Kwa pamoja ni takriban mita za ujazo 5 kila sekunde. Masika, mto haushtuki. Kiangazi kikikaza, kama mwishoni mwa 2021, kiasi hicho ni sehemu kubwa ya kilichobaki mtoni, na mgao wa maji hutangazwa jijini.

Maji hayo huenda wapi? Huenda Kibaha, Dar es Salaam, na tangu mwaka 2020 hupandishwa kutoka Kibamba hadi mji wa Kisarawe. Yakishatumika, mengi huishia kwenye vyoo vya shimo na makaro, mengine kwenye mabwawa ya maji taka kama yale ya Vingunguti, na hatimaye sehemu yake huingia Msimbazi na vijito vingine. Maji yaliyopaswa kutokea Bagamoyo yakiwa maji ya mlimani hutokea Salenda, kwenye mdomo wa Msimbazi, yakiwa maji ya mjini. Mlango mmoja wa bahari umepunguziwa, mwingine umeongezewa, tena kwa bidhaa ya aina nyingine kabisa. Uhamisho huu hautajwi sana kwenye mijadala ya mazingira, nao ndio ufunguo wa mengi yanayofuata.

Wanaosema mto ndio mlishaji

Hoja ya kwanza ni ya zamani na wavuvi wengi wanaiamini: mvua ikinyesha bara, bahari hushiba. Kambamiti wa delta ya Rufiji na wa Bagamoyo hutegemea maji baridi yanayochanganyika na ya chumvi kwenye mikoko, na mikoko yenyewe husimama kwenye tope lililoletwa na mito. Wanaoshika hoja hii hawapendi mabwawa. Wana mfano mmoja mzito kutoka Afrika hii hii.

Misri ilianza kuzuia maji ya Naili kwa Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1964. Kabla ya hapo, gharika ya kila mwaka ilifika Mediterania na kuchochea mlipuko wa diatomu mbele ya delta, na dagaa wa aina ya sadini walikusanyika kula. Mwaka 1962 Wamisri walivua takriban tani 18,000 za sadini. Mwaka 1968 hawakufikisha tani 1,000. Ni vigumu kupata ushahidi mkali zaidi kwamba mto unaweza kulisha bahari.

Wenye hoja hii huutazama Mto Rufiji kwa wasiwasi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mashine yake ya kwanza ikaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Huutazama pia Ruvu, ambako Bwawa la Kidunda, upande wa Morogoro Vijijini, limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili mitambo ya Ruvu isikauke kiangazi.

Udhaifu wa hoja hii uko sehemu mbili. Kwanza, mto hauleti mbolea peke yake. Huleta na tope, na tope huziba mwanga. Mdomoni mwa mto wakati wa gharika, kijimea kina chakula tele na giza tele. Neema huonekana mbali kidogo, tope likishatua, au wiki chache baadaye. Pili, Naili ulimwaga maji kwenye kona ya bahari iliyofungika, yenye kupwa na kujaa kudogo sana. Pwani ya Tanzania ni kinyume chake. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima. Mbolea ya Ruvu haipati nafasi ya kukaa mahali pamoja kama ya Naili.

Na kisa cha Naili chenyewe kina mkia ambao wapinzani wa mabwawa huusahau. Kuanzia miaka ya 1980 uvuvi mbele ya delta ulirudi, tena kwa nguvu. Mwanasayansi wa Marekani, Scott Nixon, alitoa maelezo yanayokera kidogo: mbolea ya mashamba ya Misri pamoja na maji taka ya Cairo na Alexandria vimechukua nafasi ya gharika. Wengine huongeza kwamba boti zenye injini na nyavu bora zilichangia, na hilo haliwezi kupuuzwa. Lakini hata nusu ya maelezo ya Nixon ikiwa kweli, kinachoitwa uchafuzi kimefanya kazi ya kinachoitwa neema.

Wanaosema mto ndio mchafuzi

Hoja ya pili hapo ndipo inapong'aka. Kushibisha maji kwa kinyesi na mbolea, husema watetezi wake, ni kuita magugu. Vijimea vikizidi, walaji hushindwa kuvimaliza. Hufa, huzama, huoza, na kuoza hula oksijeni hadi samaki wanakosa pumzi. Maji huwa mazito, mwanga haufiki chini, matumbawe na majani ya bahari hudhoofika.

Ushahidi wa karibu upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ukihusisha wanasayansi wa Sweden na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha kwamba mwani mgumu wa chokaa, ule unaogundisha miamba ya matumbawe pamoja, ulikuwa haba karibu na maji taka ya Mji wa Zanzibar na ukaongezeka kadiri watafiti walivyosogea mbali. Fosfeti ilitajwa kuwa mshukiwa mkuu. Msimbazi nao hauhitaji utafiti mrefu ili kujulikana hali yake. Hupokea maji ya makaro, ya viwanda na ya machinjio, ya jiji lililohesabiwa kuwa na watu milioni 5.38 katika sensa ya 2022, ambalo kaya zake nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka.

Kisarawe iko juu kabisa ya mto huo. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, miongoni mwa misitu ya kale ya pwani, umekatwa kwa mkaa miaka nenda rudi kwa sababu soko liko jirani mno. Kilima kikivuliwa msitu, udongo hushuka, na fosforasi hushuka ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo. Kibaha nayo inajaa nyumba na viwanda kando ya barabara ya Morogoro, na wachimba mchanga wamo kwenye makorongo.

Sumu ndiyo hofu kubwa zaidi, na hapa inabidi kwenda taratibu. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya namna hiyo hudhaniwa kwamba kasa huipata kwenye alichokula, na mwani wenye sumu hutajwa. Hakuna msingi wa kulihusisha tukio hilo na maji taka ya mji wowote. Dinoflagelata wenye sumu walikuwepo kabla ya miji, na huchanua pia kwenye maji ambayo binadamu hajayagusa.

Upungufu wa hoja ya pili ni kwamba inaazima picha za kwingine. Maeneo ya bahari yaliyokufa yanayoonyeshwa kwenye filamu, kama Ghuba ya Mexico mbele ya mto Mississippi, yalitokana na mashamba yanayomwagiwa mbolea nyingi kwa miongo mingi. Mkulima wa mihogo na korosho wa Kisarawe hatumii mbolea ya kiwango hicho. Wengi hawatumii kabisa. Ruzuku ya mbolea iliyorejeshwa msimu wa 2022/23 inaweza kubadilisha hali, hasa kwenye mpunga wa umwagiliaji kandokando ya Ruvu, lakini leo tatizo la bonde hili ni choo na tope zaidi kuliko gunia la yurea. Na bamvua ile ile inayosomba neema husomba na uchafu.

Wanaosema upepo ndio mwamuzi

Kundi la tatu husikiliza mabishano hayo likitabasamu. Kwa wataalamu hawa, mito ya Pwani ni midogo mno mbele ya bahari, na mpishi halisi ni upepo.

Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Aprili hadi Oktoba, hukoroga maji na kuteremsha joto lake. Kaskazi huja Novemba hadi Machi, ni pole zaidi, na maji ya juu hupata moto na kutulia. Kati yake kuna maleleji, wakati upepo haujui unataka nini. Mbele ya Somalia, kusi huvuta maji baridi kutoka vilindini na kuzalisha moja ya michanuo mikubwa ya vijimea duniani. Hakuna mto wowote unaohusika. Kwenye mkondo wa Pemba pia, wingi wa vijimea hufuata upepo na mkondo.

Kundi hili ndilo linalofumbua fumbo la michirizi ya kahawia. Ni Trichodesmium, sianobakteria wanaojikusanya vifurushi vifurushi na kuelea juu bahari inapotulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Charles Lugomela, walichapisha mwaka 2002 kazi iliyoonyesha kwamba katika maji ya pwani ya Tanzania huwa wengi majira ya kaskazi. Wana uwezo ambao diatomu hawana: kuchukua nitrojeni hewani na kuigeuza mbolea. Wakati mito imekauka na kusi haivumi, wao huendelea kuipa bahari nitrojeni kimya kimya. Kinacholalamikiwa kuwa uchafu wa mafuta ni kiwanda cha mbolea kisichomdai mtu shilingi.

Hofu ya kundi hili ni joto. Mwaka 2016, Mathew Koll Roxy wa India na wenzake walikadiria kwamba vijimea vya Bahari ya Hindi ya magharibi vimepungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita, kwa kuwa maji ya juu yanayopata moto yanazidi kukataa kuchanganyika na ya chini. Kama ni hivyo, ugomvi kuhusu Ruvu na Msimbazi ni kugombania makombo.

Takwimu hiyo, hata hivyo, haijafunga mjadala. Setilaiti zimeipima rangi ya bahari mfululizo tangu 1997 tu. Miaka ya nyuma hujazwa na hesabu za kompyuta. Mwaka 2010 makala katika jarida la Nature ilidai vijimea vya dunia nzima vinapungua kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, na mwaka uliofuata jarida hilo hilo likachapisha wakosoaji waliosema vipimo vya kale na vya sasa vimechanganywa bila uangalifu. Karibu na ufukwe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu setilaiti hudanganywa na tope: maji ya mdomo wa Ruvu yanaweza kuonekana yamejaa vijimea kumbe yamejaa udongo wa Uluguru. Maana yake, kundi linaloegemea setilaiti halioni vizuri pale ambapo mto una nguvu.

Aina ya chakula

Makundi yote matatu yana tabia moja: yanahesabu wingi. Mbolea nyingi au kidogo, vijimea vingi au vichache. Pengine kipimo hicho ndicho kinachowapoteza.

Mwaka 1934, Mmarekani Alfred Redfield aligundua kwamba nitrojeni na fosforasi katika maji ya bahari na ndani ya vijimea hufuata uwiano unaokaribiana kote duniani. Kwa hesabu inayotumika leo, nitrojeni 16 kwa fosforasi 1. Diatomu huhitaji pia silika, karibu sawa na nitrojeni. Silika hiyo haitoki chooni. Hutoka kwenye miamba inayoliwa polepole na mvua, na mto ndio msafirishaji wake mkuu. Kaolini ya vilima vya Pugu, udongo mweupe uliowahi kuchimbwa huko, ni mabaki ya madini yaliyokwisha kunyang'anywa sehemu ya silika yake na maji.

Silika ikipungua huku nitrojeni na fosforasi zikiongezeka, jumla ya vijimea yaweza kubaki ile ile, lakini wakazi wakabadilika: diatomu wakarudi nyuma, dinoflagelata na wenzao wasiohitaji silika wakasonga mbele. Hilo si jambo dogo kwa mvuvi. Diatomu ni chakula chepesi kuliwa na vidudu wanaoliwa na dagaa, ilhali miongoni mwa dinoflagelata ndimo wamo wenye sumu.

Mfano unaotajwa sana ni Danube, Ulaya. Baada ya bwawa la Iron Gates kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, utafiti wa 1997 ulisema silika iliyofika Bahari Nyeusi ilishuka kwa theluthi mbili, na vijimea vikabadilika kwa mtindo huo. Diatomu wa maji baridi hustawi kwenye bwawa tulivu, hutumia silika na kuzama nayo. Watafiti wa baadaye walipopima bwawa lenyewe waliona linazuia silika kidogo kuliko ilivyodaiwa, kwa hiyo kiasi kinabishaniwa. Utaratibu wenyewe haubishaniwi.

Sasa turudi kwenye ile safari ya maji. Ruvu hubeba silika ya Uluguru. Sehemu ya maji yake inatolewa Mlandizi na Bagamoyo, inapita kwa mamilioni ya watu, na inatokea kwenye vijito vya jiji ikiwa imeongezewa nitrojeni na fosforasi kwa wingi, bila silika ya kulingana nazo. Bwawa likiongezwa juu ya mto, mlango wa Bagamoyo unapungukiwa zaidi. Kibaha na Kisarawe, bila kukusudia, ziko kwenye kiungo ambapo mlo wa bahari unabadilishwa aina.

Mizani

Umbali unapunguza ugomvi mwingi. Kwenye mkondo wa Pemba, na nje kwenye kina kirefu, kundi la upepo lina haki. Hakuna uamuzi wa halmashauri ya Kibaha utakaofika huko. Ndani ya kilomita chache kutoka kwenye midomo ya mito, mambo yanageuka. Ukanda huo ni mwembamba, lakini ndio wenye mikoko, vitoto vya kambamiti, na mitumbwi na ngalawa zisizoweza kwenda mbali. Kuusahau kwa sababu ni mdogo kwenye ramani ya setilaiti ni kosa la watu wasiokula kutoka humo.

Majira nayo yana usemi. Masika mto huleta kila kitu, chema na kibaya, na bahari ina uwezo wa kukisambaza. Kiangazi, Ruvu ukiwa mwembamba na Msimbazi ukiwa karibu maji taka matupu, ndipo uwiano unapoharibika zaidi, hasa siku za maji mafu ambapo kupwa na kujaa ni kudogo. Wenye hoja ya uchafuzi wangefanya vizuri kuacha kuonyesha picha za gharika ya Aprili na kuanza kupima maji ya Septemba.

Kidunda inastahili hukumu isiyo na jazba. Si Aswan. Lita bilioni 190 ni mita za ujazo milioni 190, wakati bwawa la Rufiji hubeba zaidi ya bilioni 30. Tena bwawa likiachia maji kiangazi, linaweza kuuongezea Ruvu mtiririko hasa wakati uwiano ni mbaya, na kusukuma chumvi isipande mtoni. Gharama yake ni kupunguza vilele vya masika na kukamata tope na silika. Kama faida itazidi hasara, hilo litaamuliwa na ratiba ya kufungulia maji kuliko ukuta wenyewe: je, yote yatakayoachiwa yataishia kwenye pampu za jiji, au kuna sehemu itakayopita Ruvu Chini hadi mikokoni? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua maji ya mazingira mara baada ya maji ya nyumbani. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye kalamu.

Upande wa Kisarawe uamuzi ni mgumu kwa njia nyingine. Kuulinda Pugu kunapunguza tope Msimbazi, jambo ambalo matumbawe na wakazi wa Jangwani, bondeni mwa mto huo, wote watalipokea kwa mikono miwili. Lakini hakutapunguza nitrojeni ya vyoo vya mjini hata kidogo, na mchoma mkaa aliyezuiwa bila kupewa kazi nyingine atahamia msitu wa mbele. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ikitekelezwa Kisarawe na kuachwa Vingunguti, nusu ya kazi itakuwa haijafanyika.

Mabwawa ya maji taka yanastahili mjadala wa kina zaidi kuliko yanaoupata. Mabwawa ya kawaida huua vijidudu vya magonjwa na kupunguza uozo, ila nitrojeni na fosforasi nyingi hutoka salama upande wa pili. Mitambo ya kuziondoa ni ghali na hula umeme. Njia ya bei nafuu ni kuzuia tope la choo lisifike mtoni, kulitibu, na kulirudisha shambani, na kati ya Kibaha na Kisarawe ardhi yenye mchanga inayolilia mbolea haikosekani. Hapa tatizo la bahari na tatizo la mhogo vina dawa moja, ingawa walaji watataka kuhakikishiwa usalama wake, na wana haki.

Yanayobaki yanahitaji vipimo, na vipimo hivi si vya anasa. Silika, nitrojeni na fosforasi vinaweza kupimwa mara moja kwa mwezi kwenye vituo vitatu: Mlandizi kabla ya pampu, mdomo wa Ruvu, na Salenda. Wataalamu wapo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina makao yake Dar es Salaam. Sampuli za vijimea zikichukuliwa siku hizo hizo, itajulikana kama diatomu wanashikilia nafasi yao Bagamoyo au wameanza kurudi nyuma, na kama tofauti kati ya milango hiyo miwili ya bahari ni kubwa kama inavyotarajiwa. Cha lazima ni kwamba kituo cha Mlandizi kiwe na angalau masika moja na kiangazi kimoja kwenye daftari kabla Kidunda haijaanza kuamua ni maji gani yapite na lini.